Grace Hopper: Mwanamke aliyezishurutisha kompyuta zisikie lugha moja

Mwaka 1959 kampuni ya Marekani iliyotaka kubadilisha kompyuta yake ilikuwa na mzigo mzito kuliko bei ya mashine yenyewe. Kila mtengenezaji alikuwa na amri zake. Programu ya mishahara iliyoandikwa kwa ajili ya mashine ya IBM haikufaa kitu kwenye mashine ya RCA, na ile ya RCA haikueleweka kabisa na UNIVAC. Uchunguzi wa mwaka huo ulionyesha kwamba ofisi yenye kompyuta ilitumia kwa wastani dola 800,000 kuandikiwa programu, na kuzihamishia programu hizo kwenye mashine mpya kungegharimu dola 600,000. Yaani mwenye mali alilipa mara ya pili, karibu bei ile ile, kwa kitu ambacho tayari kilikuwa chake. Mfanyabiashara aliyewahi kujaza fomu mbili tofauti kwa gunia lile lile la maharage, moja upande huu wa mpaka na nyingine upande wa pili, hahitaji maelezo marefu kuhusu hasira ya watu hao.

Aliyelishupalia jambo hilo kuliko wengi alikuwa mwalimu wa hisabati aliyegeuka mwanajeshi wa majini. Jina lake Grace Hopper.

Alizaliwa jijini New York tarehe 9 Desemba 1906, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa Walter na Mary Murray. Baba alikuwa mtu wa bima. Maradhi ya mishipa yalisababisha akatwe miguu yote miwili, naye akaendelea na kazi. Alitaka binti zake wasome kama kaka yao, jambo ambalo wazazi wengi wa siku hizo hawakuliona la lazima. Mama alipenda hisabati tangu utotoni lakini hakupata nafasi ya kuisoma kwa kina.

Grace akiwa na miaka saba alifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Vipande vilipomshinda kuvirudisha, akafungua nyingine aione ile ya kwanza ilivyokuwa, kisha nyingine, hadi saa saba za nyumba ile zikawa zimelala mezani zikiwa vipande. Mama alipogundua hakumchapa. Alimwekea sharti tu, kwamba kuanzia siku hiyo saa ya kuchezea ni moja.

Mara ya kwanza alipoomba kuingia Chuo cha Vassar alikataliwa kwa sababu alifeli Kilatini. Akangoja mwaka mmoja, akaingia, akamaliza mwaka 1928 katika hisabati na fizikia. Chuo Kikuu cha Yale kilimpa shahada ya uzamili mwaka 1930 na ya uzamivu mwaka 1934. Mwaka 1930 pia aliolewa na Vincent Hopper, mhadhiri wa fasihi, na jina la Hopper akabaki nalo hata baada ya talaka mwaka 1945. Hawakupata watoto.

Alirudi Vassar kufundisha. Wanafunzi wake wa hisabati walishangaa kuambiwa waandike insha, wakalalamika kwamba hawakujiandikisha kwa somo la lugha. Msimamo wake ulikuwa kwamba hesabu ambayo mwenyewe hawezi kumweleza mtu mwingine haina faida kwa yeyote. Wazo hilo la mwalimu wa darasani ndilo baadaye alilolipeleka kwenye mashine.

Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, alitaka kujiunga na jeshi la majini, ambako babu wa mama yake aliwahi kuwa admirali. Jeshi lilimkataa. Umri ulikuwa umekwenda, na uzito wake ulipungua karibu kilo saba chini ya kiwango kilichotakiwa. Isitoshe walimu wa hisabati walihesabiwa kuwa watu wa kazi muhimu wasiopaswa kuondoka. Aliendelea kuomba hadi akapewa ruhusa maalumu, akaapishwa Desemba 1943 katika kikosi cha akiba cha wanawake. Mwaka 1944 alimaliza mafunzo ya uofisa akiwa wa kwanza katika kundi lake, akiwa luteni wa ngazi ya chini.

Alitarajia kupelekwa kwenye kazi ya kuvunja siri za maandishi ya adui. Badala yake, Julai 1944, alijikuta katika chumba cha chini cha jengo moja la Chuo Kikuu cha Harvard, mbele ya mashine yenye urefu wa zaidi ya meta 15, uzito wa karibu tani tano na vipande zaidi ya 700,000. Hiyo ilikuwa Mark I, mojawapo ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote za wakati ule. Iliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde. Kuzidisha kuliichukua sekunde sita hivi, na kugawanya zaidi ya sekunde kumi. Mkuu wake, Howard Aiken, hakuwa mtu wa makaribisho. Alimpa wiki moja ajifunze mashine na kuitolea hesabu ya kwanza.

Kuiamuru Mark I kulikuwa kazi ya sulubu. Kila hatua iliandikwa kwa tarakimu za siri ya mashine, kisha ikatobolewa kwenye utepe wa karatasi, tundu kwa tundu. Tundu moja likikosea mahali, hesabu nzima inaharibika, na wanajeshi walikuwa wakisubiri majedwali ya mizinga. Kuna hesabu iliyoletwa na mwanahisabati John von Neumann ambayo Hopper na wenzake hawakuambiwa ni ya nini. Baadaye ilijulikana ilihusu bomu la atomiki.

Ili kupunguza taabu, Hopper na wenzake waliweka daftari. Anayehitaji sehemu ya programu iliyokwisha kufanya kazi aliinakili kutoka daftari la mwenzake. Hapo akagundua mambo mawili. Kwanza, kazi nyingi zinajirudia. Pili, binadamu ni mnakili mbovu, kwani herufi huonekana kama tarakimu na namba hubadilika njiani kutoka karatasi hadi karatasi. Mashine, kwa upande wake, hainakili vibaya. Kwa nini basi kazi ya kunakili asipewe mashine? Swali hilo alikaa nalo miaka kadhaa kabla ya kupata pa kulijaribia.

Wengi wanaomkumbuka humtaja kwa kisa cha nondo. Septemba 1947 mafundi wa mashine iliyofuata, Mark II, walimkuta mdudu huyo amenaswa ndani, wakambandika kwenye daftari la kazi. Hopper alipenda kukisimulia kisa hicho, lakini si yeye aliyempata mdudu, na mafundi walikuwa wakiita hitilafu kwa jina la mdudu tangu zamani. Ni kisa kizuri, ila kimechukua nafasi kubwa mno katika habari zake.

Vita vilipokwisha alikataa kurudi Vassar, akabaki Harvard kwa mkataba ambao haukuwa na mwendelezo. Miaka hiyo haikuwa mizuri. Ndoa ilikuwa imevunjika, kazi ilikuwa ya usiku na mchana, na pombe ikamshika kiasi kwamba mwaka 1949 polisi wa Philadelphia walimkamata kwa ulevi. Marafiki zake waliingilia kati, na kidogo kidogo akasimama tena.

Mwaka huo huo wa 1949 alikuwa amehamia Philadelphia kujiunga na kampuni changa ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikiunda UNIVAC, kompyuta ya kuuziwa ofisi na makampuni, si maabara za jeshi peke yake. Kampuni hiyo iliishiwa fedha, ikanunuliwa na Remington Rand mwaka 1950. UNIVAC ya kwanza ilikabidhiwa kwa ofisi ya sensa ya Marekani mwaka 1951. Kasi ilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa watu wa kuiamuru, kwa sababu wenye uwezo wa kuandika tarakimu zile walikuwa wachache na hakuna duka, benki wala kampuni ya bima iliyokuwa na mtu wa namna hiyo.

Ndipo lile swali la daftari likapata jibu. Kati ya mwaka 1951 na 1952 Hopper alitengeneza programu aliyoiita A-0. Mtumiaji alitaja kwa kifupi sehemu anazotaka, na mashine yenyewe ikazitafuta kwenye hifadhi yake, ikazipanga na kuziunganisha kuwa programu kamili. Aliipa jina la kompaila, yaani mkusanyaji. Ile ya kwanza ilikuwa duni ukilinganisha na zilizofuata, lakini ilionyesha kwamba mashine inaweza kuandaa amri zake yenyewe. Hata hivyo watu hawakutaka kusikia. Kwa muda mrefu aliambiwa kwamba kompyuta ni ya kufanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu, na ambao walijua kuandika tarakimu hawakuwa na haraka ya kuona ufundi wao ukifanywa rahisi.

Hakuishia hapo. Alisema watu wa biashara hawapendi alama za hisabati na hawana sababu ya kuzipenda. Wapewe maneno: linganisha, hamisha, jumlisha, andika. Katikati ya miaka ya 1950 yeye na timu yake waliwaandalia wakubwa wa kampuni mfano mdogo wa programu ya aina hiyo kwa Kiingereza. Ili kuonyesha kwamba kwa mashine neno ni mfuatano wa alama tu, wakaigeuza programu ile ile kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani, na mashine ikazifuata zote.

Waliposubiri kupongezwa, wakaona nyuso zimekunjamana. Wakubwa hawakuweza kukubali kwamba kompyuta iliyoundwa Philadelphia inaelewa Kijerumani. Hopper alilazimika kuwaahidi kwamba itatumia Kiingereza peke yake ndipo fedha zikatoka. Kwa hoja yake, Kiswahili kingefaa vilevile, na hakuna sababu ya kiufundi iliyokizuia. Lugha iliyotokana na mradi huo iliitwa Flow-Matic, ikawafikia wateja wa UNIVAC kabla muongo haujaisha.

Lakini Flow-Matic ilikuwa ya UNIVAC. IBM nayo ilikuwa ikiandaa ya kwake, na Honeywell ya kwake. Urahisi ulikuwa umepatikana, ila kila mtu kwenye uwanja wake. Mwaka 1959 Mary Hawes wa kampuni ya Burroughs alitoa wito wa kuwa na lugha moja ya biashara kwa mashine zote. Tarehe 8 Aprili watu wachache, Hopper akiwamo, walikutana katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Wakaafikiana kwamba jambo hili linahitaji mwenyeji asiyeuza kompyuta, ambaye wauzaji wote wanamwogopa.

Mwenyeji huyo alikuwa Wizara ya Ulinzi, mteja mkubwa kuliko wote. Ilikuwa na kompyuta 225, imeagiza nyingine 175, na ilikwisha kutumia zaidi ya dola milioni 200 kwa programu. Mwisho wa Mei 1959 watu wapatao 40, wengi wao wakitoka makampuni yanayoshindana, walikaa Pentagon chini ya uenyekiti wa Charles Phillips wa wizara hiyo. Hopper alikuwa mshauri wa kamati kuu. Uandishi wenyewe ulifanywa na kikundi kidogo, na mwishoni ukabaki mikononi mwa watu sita, wakiwamo Jean Sammet na Gertrude Tierney. Haki ni haki: wanaomwita Hopper mama wa COBOL, jina ambalo lugha ile ilipewa, wasiwasahau hao. Mchango wake ulikuwa kwamba Flow-Matic ilikuwa tayari inafanya kazi, hivyo hakuna aliyeweza kusema jambo hilo haliwezekani, na kwamba lugha mpya ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya msingi wake.

Mikutano haikuwa ya upole. Kila kampuni ilitaka maneno yake yaingie, kwa sababu ambaye maneno yake yangeingia angetangulia sokoni. Howard Bromberg wa RCA alikata tamaa kiasi cha kununua jiwe la kaburi lenye sanamu ya mwana-kondoo, akaagiza liandikwe COBOL, akamtumia Phillips kule Pentagon. Jiwe hilo lipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la kompyuta huko California.

Maiti haikupatikana. Mwaka 1960 maelezo rasmi ya lugha yalichapishwa. Tarehe 6 na 7 Desemba mwaka huo programu moja ya COBOL ilipitishwa kwenye mashine mbili za makampuni mawili yanayogombania wateja: UNIVAC II ya Remington Rand na RCA 501. Marekebisho yaliyohitajika yalikuwa madogo. Programu ilitoa majibu kotekote. Kwa mara ya kwanza kazi ya biashara ilivuka kutoka mashine ya mtengenezaji mmoja kwenda ya mwingine bila kuandikwa upya.

Hata hivyo, kilichowasukuma waliobaki nyuma si uzuri wa jaribio lile. Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba haitanunua wala kukodi kompyuta isiyofahamu COBOL, isipokuwa muuzaji athibitishe kwamba kwa kazi ile lugha hiyo haisaidii. Watengenezaji waliokuwa wakisitasita wakapata kasi ya ajabu. Wasomi wengi wa vyuo vikuu waliidharau COBOL kwa maneno yake mengi, na hadi leo wapo wanaoidharau. Hopper hakuiandikia wasomi. Aliitaka isomwe na karani wa mishahara na meneja wake.

Mwisho wa mwaka 1966 jeshi la majini lilimstaafisha kwa sababu ya umri. Alihesabu siku ile kuwa ya huzuni kuliko zote maishani mwake. Haikupita miezi minane wakamwita tena. Tarehe 1 Agosti 1967 alirudi kazini kwa muda wa miezi sita, na miezi sita hiyo ikageuka miaka 19.

Sababu ya kumwita inawahusu wote wanaoamini kwamba mkataba ukishatiwa saini kazi imekwisha. Kwenye karatasi COBOL ilikuwa moja. Kwenye mashine zilikuwa nyingi. Kila mtengenezaji aliongeza maneno yake mwenyewe, au alifasiri kanuni kwa namna iliyompendeza, na jeshi la majini lilikuwa na kompyuta za makampuni mbalimbali ambazo programu zake zilikuwa zimeanza tena kutosikilizana. Yalikuwa mambo yale yale ya mwaka 1959, safari hii yakiwa na jina moja juu yake.

Hopper na kikundi chake hawakuitisha mkutano mwingine. Walitengeneza programu za majaribio, mamia ya vifungu vya COBOL ambavyo majibu yake sahihi yanajulikana. Kompaila ya muuzaji yeyote ilipitishwa kwenye majaribio hayo, na kila mahali ilipokwenda kombo paliandikwa. Baadaye serikali kuu iliyachukua majaribio hayo na kuyafanya sharti la ununuzi. Muuzaji hakuweza tena kudai kwamba bidhaa yake inafuata kanuni kwa kuwa tu imeandikwa hivyo kwenye boksi. Hii huenda ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, ingawa haina nondo wala jiwe la kaburi la kusimulia.

Utu uzima wake aliutumia barabarani, akihutubia wanafunzi, majenerali na wafanyabiashara. Alibeba vipande vya waya vya sentimeta 30 hivi na kuvigawa. Huo ndio umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Admirali aliyeuliza kwa nini ujumbe kupitia setilaiti unachelewa alipewa waya na kuambiwa ahesabu vipande vingapi vinatoka pale hadi angani. Ofisini alikuwa na saa ya ukutani inayozunguka kinyume, awakumbushe wageni kwamba mazoea si sheria.

Alipandishwa kuwa kepteni mwaka 1973, na miaka kumi baadaye bunge na rais walimpandisha tena hadi ngazi iliyokuja kuitwa ya admirali. Alistaafu Agosti 1986 akiwa na miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini, katika sherehe iliyofanyika Boston juu ya meli ya kale USS Constitution. Muda mfupi baadaye alichukua kazi ya ushauri kwenye kampuni ya kompyuta, akaifanya hadi mwisho. Alifariki tarehe 1 Januari 1992 na kuzikwa Arlington kwa heshima za kijeshi.

Lugha yake imemzidi umri. Aprili 2020, wakati maelfu ya watu walipopoteza ajira kwa sababu ya korona, gavana wa jimbo la New Jersey aliwaomba hadharani wajuzi wa COBOL wajitokeze, maana mfumo wa kulipa mafao ya jimbo ulikuwa bado umeandikwa kwa lugha hiyo na vijana wanaoijua ni wachache. Benki na mashirika makubwa ya bima duniani yana hifadhi kubwa ya programu za namna hiyo, na fedha nyingi hupita humo bila mwenyewe kujua.

Jina lake limepewa meli ya kivita, chuo kimoja ndani ya Yale, na mwaka 2010 kompyuta kuu iliyofungwa California kwa ajili ya watafiti wa Wizara ya Nishati ya Marekani. Kompyuta hiyo, Hopper, ilikuwa ya tano kwa nguvu duniani mwaka huo, ikiwa na viini zaidi ya 150,000 vinavyofanya kazi kwa pamoja. Mashine za aina hiyo hazitumiwi na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mtafiti huandika faili la amri, akaeleza anataka viini vingapi na kwa saa ngapi, kisha kazi yake ikapangwa kwenye foleni. Amri za foleni hutofautiana kutoka kituo hadi kituo, na wapo wahandisi wanaojaribu kuziweka chini ya amri za namna moja ili mtafiti asianze upya kila anapohama.

Mwishoni mwa mwaka 2015 kompyuta iliyoitwa Hopper ilizimwa, na watumiaji wake wakahamishiwa kwenye mashine mpya, Cori. Foleni ya Cori iliendeshwa kwa amri nyingine, na watafiti wakakaa chini kuandika upya mafaili yao.